Re: Ubatizo wa Joseph Landry wa Grand-Pré hauonekani

Salaam ndugu. Umemwona Joseph Landry kwenye orodha ya Waakadia (walowezi Wafaransa wa Nova Scotia, Kanada, waliofukuzwa na Waingereza kuanzia 1755) waliokuwa Maryland mwaka 1763, ukampata tena Louisiana, ila kumbukumbu za Nova Scotia hazina ubatizo wake.

Usihangaike tena huko. Mtandaoni Nova Scotia wameweka daftari za parokia ya Port-Royal, 1702 hadi 1755. Za Grand-Pré walizichukua wahamishwa wenyewe, zikafika nao Louisiana. Leo zimo kwenye hifadhi ya Dayosisi ya Baton Rouge. Zinaanzia 1707 na kuishia 1748, kwa hiyo kwanza kadiria umri wake. Kama alizaliwa baada ya 1748, ubatizo hutaupata humo, basi tafuta ndoa yake.

Ndoa ndiyo yenye utajiri. Padri aliandika wazazi wa pande zote mbili, na kama maharusi walikuwa ndugu, aliandika ruhusa ya Kanisa pamoja na daraja la udugu. Daraja la 3 kwa 3 maana yake wanashiriki mababu wa kizazi cha tatu juu yao. Hapo unaweza kujaza pengo hata pale ubatizo ulipopotea.

Akina Joseph Landry ni wengi mno, usimtambue kwa jina lake pekee. Shika jina la mkewe: kwenye daftari za Kifaransa mwanamke hubaki na ukoo wa babake. Orodha za Waingereza ziliandikwa kwa kusikia, hivyo ukoo kama Hébert, ambao H yake haitamkwi, utafute pia chini ya A na E.

Mkewe anaitwa nani?