Barua kwa Mwanangu: Kama Filamu Ilimnyang'anya Ngoma Yake

Mwanangu mpendwa,

Nimepokea barua yako kutoka Melbourne. Unauliza kama David Gulpilil, mwigizaji wa jamii ya Wayolngu, wenyeji wa asili wa Arnhem Land kaskazini mwa Australia, alipoteza ngoma ya kwao alipoingia katika filamu. Na kwa kuwa wewe mwenyewe umeitwa kuigiza, naelewa swali hilo limetoka wapi.

Mimi naona hakuipoteza. Mwongozaji wa filamu Nicolas Roeg alipofika Maningrida, mji mdogo wa huko Arnhem Land, alimkuta kijana mcheza ngoma, ajuaye pia kupuliza yidaki, lile baragumu refu la mti uliotobolewa na mchwa, na ngoma hiyo ndiyo iliyompatia nafasi katika filamu ya Walkabout, iliyotoka mwaka 1971. Kiingereza hakukijua sana, hivyo humo anasema lugha yake bila kutafsiriwa. Itazame tena pale anapojipaka rangi na kumchezea msichana wa Kizungu ngoma ya uchumba hadi nguvu zinamwishia, naye msichana haelewi anaambiwa nini. Sijaona mahali pengine ambapo ngoma imebeba kisa kizima namna ile.

Miaka mingi baadaye alimwonyesha mwongozaji Rolf de Heer picha ya kale ya wanaume wa kwao waliosimama katika mitumbwi kumi, na picha hiyo ikazaa filamu ya Ten Canoes ya mwaka 2006, ambayo wahusika wake wanazungumza lugha za wenyeji tu. Yeye ndiye msimulizi. Mtu aliyepoteza ya kwao hawezi kuzaa kazi kama hiyo.

Kilichomwumiza kilikuwa kwingine. Pombe ilimsumbua, na mwaka 2011 alifungwa kwa kumjeruhi mkewe, jambo ambalo sifa zake haziwezi kulifunika, nami sitaki ulifunike. Filamu ya Charlie's Country, aliyoiandika pamoja na de Heer, ilichipuka katika kipindi hicho cha gerezani, ikampatia tuzo ya mwigizaji bora katika Un Certain Regard, kitengo kimojawapo cha tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 2014. Alifariki Novemba 2021 akiwa Australia Kusini, mbali na kwao, kisha akarudishwa Arnhem Land kuzikwa.

Mkataba uliopewa nitumie niusome kabla hujatia sahihi, hasa kile kifungu kinachohusu nyimbo za bibi yako.

Baba yako