Maneno ya falsafa kwa Kiingereza, usianze na yale marefu

Mdogo wangu, umeuliza uanze na maneno gani ya falsafa kwa Kiingereza maana umeingia mwaka wa kwanza na lekcha zinakupita juu kwa juu. Mi nakwambia usihangaike kwanza na yale marefu kama epistemology, hayo yanatisha tu, ukishajua ni elimu kuhusu maarifa, yaani tunajuaje kwamba tunajua, basi umemaliza. Yanayoangusha watu ni yale mafupi unayodhani unayajua. Chukua argument, mtaani ni ugomvi, darasani ni hoja yenye madai ya mwanzo na hitimisho, hakuna anayegombana hapo. Materialism nayo sio kupenda hela, ni kusema kila kilichopo ni maada tu.

Halafu valid na sound, hapa ndo mi nilipigwa kwenye testi: samaki wote wanapaa, papa ni samaki, kwa hiyo papa anapaa. Hiyo ni valid kabisa sababu hitimisho linafuata, ila sio sound maana mwanzo wake uongo mtupu. Rudia mpaka ikae kichwani.

Ahueni ni kwamba falsafa na philosophy ni ndugu, yote yametoka Kigiriki, letu limepitia Kiarabu tu, na logic we ichukulie ndo mantiki hiyohiyo. Kila neno litungie sentensi yako mwenyewe kwenye daftari, kukariri tafsiri peke yake utasahau kesho asubuhi.