Yule daktari wa The Constant Gardener ni nani?

SWALI: Shikamoo Mhariri. Juzi tulitazama tena The Constant Gardener, ile filamu iliyopigwa huku kwetu Kenya. Yule daktari mwenye mashavu yaliyochongoka, anayejificha Sudan, ni nani? Nimewahi kumwona kwingine.
Msomaji, Nakuru

JIBU: Marahaba. Huyo ni Pete Postlethwaite, Mwingereza aliyezaliwa Warrington mwaka 1946. Pengine ulimwona katika In the Name of the Father (1993), akiwa Giuseppe Conlon, baba anayefungwa bila hatia pamoja na mwanawe. Anaongea kwa sauti ya chini, anakohoa, anasali, na bado huwezi kumwondolea macho. Aliteuliwa kuwania Oscar. Kwangu mimi, alistahili kuibeba.

Alipikwa jukwaani, katika ukumbi wa Everyman, Liverpool, pamoja na akina Julie Walters na Bill Nighy. Mwaka 2008, akiwa tayari mtu maarufu, alirudi palepale kuigiza King Lear. Saratani ilimchukua Januari 2011.

Tafuta pia Brassed Off (1996). Humo anaongoza bendi ya matarumbeta ya wachimba makaa, mgodi unakaribia kufungwa, naye mapafu yamejaa vumbi.