Usigawe kilomita kwa 900

Mara ya kwanza kusafiri kutoka London kwenda New York, hesabu ya muda niliipiga mwenyewe. Tovuti ya kupimia umbali iliniambia ni kilomita 5,570 hivi. Ndege kubwa ya abiria hukimbia karibu kilomita 900 kwa saa. Nikagawa, nikapata saa sita na ushei. Nikamwandikia binamu yangu: "Naondoka saa nne asubuhi, njoo unipokee saa kumi."

Tuliruka kwa karibu saa nane. Tulipotua, saa ya ukutani ilisema saa saba mchana. Nikakaa juu ya sanduku langu saa tatu nzima, simu haina chaji, nikimsubiri mtu niliyempotosha mwenyewe.

Nilikosea mara mbili. Kosa la saa za mahali ni rahisi: muda wa kuondoka kwenye tiketi ni wa mji unaotoka, wa kufika ni wa mji unaokwenda, na New York iko nyuma ya London kwa saa tano. Ukitoa moja kwa nyingine utadhani kwenda ni saa tatu, na kurudi usiku ni kumi na mbili! Tafuta palipoandikwa muda wa safari, soma hapo. Mwezi Machi uwe macho zaidi, maana Marekani husogeza saa zake mbele wiki mbili au tatu kabla ya Uingereza, na tofauti hubaki saa nne. (Na ukisoma 10:00 kwenye tiketi, usije ukamwambia mtu "saa kumi". Nimeona watu wazima wakiachwa na ndege kwa hilo.)

Kosa la pili ndilo lililonifundisha. Umbali wa tovuti ni wa njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, na ndege haiifuati kila mara. Tangu 2022 mashirika mengi ya Ulaya hayapiti anga la Urusi. Helsinki hadi Tokyo, iliyokuwa chini ya saa kumi, sasa ni kama kumi na tatu. Miji haijasogea hata hatua moja. Tena muda wa kwenye tiketi unahesabiwa tangu ndege inapoachana na jengo hadi inapoegeshwa, pamoja na kule kupanga foleni kwenye njia ya kurukia.

Halafu kuna upepo. Huko juu, kilomita kumi hivi kutoka ardhini, kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Kwenda, skrini ya kiti changu ilionyesha kasi ya 790. Kurudi ikapanda hadi 1,080, tukafika mapema hadi tukakosa pa kuegesha. Februari 2020, wakati wa dhoruba, ndege moja ya abiria ilitoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56.

Kwa hiyo kilomita nazitumia kujua tu kama ni safari ya kulala au ya kusoma gazeti. Nikiunganisha ndege kwa tiketi mbili tofauti, naacha saa nne katikati, anayetaka kunicheka na anicheke. Na binamu sasa namtumia namba ya ndege tu. Anaifuatilia mwenyewe kwenye simu, akiona imeanza kushuka ndipo anatafuta funguo za gari.