Ukienda kuishi Baku, jihadhari na maneno unayoyajua

Mswahili anayekwenda Azerbaijan kwa masomo au kazi hujiandaa kwa baridi, chakula kigeni na lugha asiyoijua. Kwa ninavyoona, kinachomkwaza zaidi ni kile anachodhani anakijua. Kiazeri, kama Kiswahili, kimebeba maneno mengi ya Kiarabu na Kiajemi. Siku ya kwanza tu sikio linanasa kitab, dəftər, qələm, sabun, dünya, saat, na moyo unatulia. Hapo ndipo makosa huanzia.

Anza na herufi. Jioni moja inatosha. C husomwa j, ç ni ch, ş ni sh, na q husomwa kama g. X ni kh ya "kheri" na ğ ni gh ya "ghali", kwa hiyo aliyelelewa na Kiswahili cha pwani ana nafuu kubwa kuliko wageni wengi. Ile ə iliyopinduka ni sauti iliyo kati ya a na e.

Sasa mitego. "Sabahınız xeyir" ni sabalkheri yetu ile ile, lakini sabah ikisimama peke yake ni kesho. Karani akikuambia "Sabah gəlin", anakutaka urudi kesho. Ukidhani amesema asubuhi ukakaa kwenye benchi, utakaa hadi ofisi ifungwe. Xeyr, ambayo sikioni ni kheri tupu, ni "hapana" ya heshima. Wengi huisikia dirishani, wakatabasamu na kuendelea kungoja. Ndiyo ni bəli, au hə kwa watu mliozoeana. Ipo pia hapana isiyo na neno: mtu huinua kidevu na nyusi kidogo, ulimi ukagonga nyuma ya meno, "ts". Sauti hiyo iko karibu mno na msonyo wetu, na Mswahili huondoka dukani na hasira akiamini ametukanwa, kumbe ameambiwa tu kwamba mkate umekwisha.

Majina ya undugu nayo yanahitaji uangalifu. Bibi kwa Kiazeri ni shangazi, dada wa baba. Nyanya yako ni nənə. Mama mdogo au mkubwa ni xala, ndugu wa khalati ya Unguja na Mombasa, na ndilo neno salama la kumwita mwanamke yeyote wa makamo sokoni. Baba mdogo ni əmi, ile ami yetu ya pwani. Mjomba ni dayı, na dereva mwenye mvi huitwa hivyo. Kazini mambo hubadilika: mwanamume huitwa kwa jina lake la kwanza likifuatwa na müəllim, na mwanamke kwa jina na xanım. Müəllim ni mwalimu wetu kwa asili, ila huko bosi, daktari na mwenye nyumba wote huitwa hivyo hata kama hawajawahi kushika chaki. Usitumie jina la ukoo. Linasikika kama mwito wa polisi.

Kabla sijafika mezani, jambo moja la serikali. Ukikaa nchini zaidi ya siku 15, ni lazima usajiliwe mahali unapoishi na idara ya uhamiaji, Dövlət Miqrasiya Xidməti. Viza peke yake haikutoshi, hata ikiwa ya siku 30. Anayewasilisha maombi ni mwenyeji wako: hoteli, bweni au mwenye nyumba, kwa nakala ya pasipoti yako. Tatizo hutokea kwa nyumba za kupanga mitaani. Mwenye nyumba asiye na mkataba rasmi anaogopa kodi ya mapato, hivyo anakwambia "haina shida" na siku zinapita. Shida huonekana uwanja wa ndege siku ya kuondoka, na faini inaandikwa kwa jina lako. Swali la usajili uliulize kabla hujatoa pesa yoyote ya pango, na ukihama nyumba, usajili mpya unahitajika.

Tukae mezani. Chai ya Waazeri haina maziwa wala tangawizi. Birika dogo hushikilia majani makali yaliyotulia kwenye moto mdogo. Mwenyeji humimina kidogo kwenye bilauri yenye kiuno iitwayo armudu, kisha huongeza maji ya moto. Umbo hilo lina kazi yake: kiuno chembamba hutunza joto la chai iliyo chini, na mdomo ulio wazi hupoza ile unayokunywa. Bilauri haijazwi hadi juu. Kidole kimoja huachwa kitupu, mahali pa mdomo na pa vidole kushika, kwa hiyo usione umepunjwa. Wengine hutia hil, na harufu itakwambia kuwa ni hiliki. Sukari ni ya vibonge: chovya ncha ya kibonge, king'ate, chai ipite juu yake. Jamu ya tini, ya cheri nyeupe au ya jozi changa huletwa kwenye kisahani. Huliwa kwa kijiko kidogo, funda la chai likifuata. Haipakwi kwenye mkate.

Bilauri yako ikiisha itajazwa tena, na tena. Neno la kuzuia ni "bəsdir", basi yetu hiyo hiyo, likiambatana na "sağ olun", asante.

Mkate uushike kwa adabu. Hauwekwi kifudifudi, hautupwi pamoja na taka. Angalia nje ya majengo ya Baku, karibu na mapipa: mifuko ya mikate mikavu imetundikwa pembeni, peke yake, ili ichukuliwe kulishia wanyama. Kipande kikidondoka, watu wa makamo hukiokota na kukibusu.

Plov ndiyo itakayomshangaza mpenzi wa pilau. Wali na kitoweo havikutani chunguni. Mchele huchemshwa nusu kwenye maji ya chumvi, huchujwa, kisha huivishwa kwa mvuke na siagi juu ya tabaka la chini liitwalo qazmaq, ambalo mara nyingi ni unga, yai na mtindi. Zafarani iliyolowekwa humwagiwa juu. Nyama, ikiwa na aprikoti kavu na chestnati au majani mengi ya kijani, hupikwa kando na kupakuliwa kando. Qazmaq ni ukoko wao, na mgeni hupewa kipande kizuri. Ukoko huo ukiungua sufuria nzima hunuka moshi, na ndiyo maana mpishi haondoki jikoni. Jambo la kukumbuka: plov huja mwishoni. Kabla yake kuna jibini, achari, saladi, mishikaki, na sahani ya majani mabichi, rehani ikiwemo, ambayo huliwa jani kwa jani. Mgeni anayeshibia hapo hushindwa kugusa plov, na mpishi huumia kweli.

Ukialikwa nyumbani, vua viatu mlangoni, utapewa ndara. Beba keki, matunda au maua, na maua yawe idadi isiyogawanyika kwa mbili, kwani shufwa ni za msibani. Mikarafuu myekundu usiinunue hata ikikupendeza: hilo ndilo ua linalowekwa makaburini, hasa katika Şəhidlər xiyabanı, makaburi ya mashahidi, kwa waliouawa Baku tarehe 20 Januari 1990. Mwanamume amsubiri mwanamke atoe mkono kwanza. Ukiulizwa umri, mshahara, na kwa nini hujaoa, mwenzio anakukaribisha. Jibu kwa ufupi au geuza swali.

Hapa pana desturi inayowachanganya wageni wote. Muuza duka au dereva wa teksi akiulizwa bei anaweza kusema "qabili yoxdur", si kitu, usijali. Ni adabu. Toa pesa, atakataa, sisitiza mara ya pili au ya tatu, atapokea. Anayeshukuru na kuondoka huhesabiwa hana adabu, na mtu wa watu amepoteza kipato. Mgahawani ni kinyume chake: aliyekualika ndiye anayelipa, na kupendekeza mgawane bili humwaibisha. Mlipie wewe zamu ijayo.

Msibani utajiona nyumbani. Kuna siku ya tatu, ya saba na arobaini. Hema huzungushwa nje, wanaume kwao na wanawake kwao, chai na halua hupitishwa. Hungoji mwaliko. Ingia kimya, sema "Allah rəhmət eləsin", keti, kunywa chai moja, ondoka. Kuhusu mchango wa pesa, muulize mfanyakazi mwenzako kabla, kwa maana hutofautiana kwa familia.

Siku ya safari, usishangae mama mwenye nyumba akitoka na bakuli akamwaga maji nyuma ya gari lenu. Ni dua, safari itiririke kama maji. Na mtu akipiga chafya moja mkiwa mmeshika mizigo, atasema "səbr gəldi", subira imefika, na wote watasimama au kuketi kidogo kabla ya kutoka. Ondoka mapema kuelekea uwanja wa ndege, ili dakika hizo uwe nazo.