Maswali yenu ya gofu: weji gani ya kunitoa mchangani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kedi hapa Malindi, nabeba mabegi ya watu lakini jioni wenyewe wakishamaliza nami nacheza. Fimbo zangu ni za mtumba, seti yaishia kwenye pitching weji (weji ni zile fimbo fupi za uso uliolala), na nikiingia banka, yale mashimo ya mchanga, basi ni balaa, mara naupiga mpira kichwani unavuka grini, pale penye majani mafupi na kitundu, mpaka ng'ambo, mara fimbo inazama na mpira uko palepale. Nina vijisenti vya weji moja tu. Kuna mtu ananiuzia ya 60, inang'aa kweli, mwengine ana 56 imetumika kidogo. Wenzangu wote wasema chukua 60 ndo inainua mpira. Nichukue ipi? – Kedi, Malindi

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Chukua 56, ila kabla hujatoa pesa igeuze uiangalie chini, maana hapo ndo penye kazi yenyewe na ndo pale watu hawapaangalii, wanasoma lofti, yaani digrii za uso ulivyolala kama hizo 56 na 60, basi wanalipa.

Isimamishe hiyo weji kama unataka kupiga halafu inama uitazame kwa ubavu. Utaona tumbo la chini limeshuka kuliko ule ukingo wa mbele, na pembe hiyo ndo baunsi. Mara nyingi imepigwa muhuri pembeni ya lofti, utaona 56 halafu 10 kwa mfano. Kuanzia 4 mpaka 6 ni baunsi ndogo, 7 mpaka 10 ya kati, zaidi ya hapo kubwa. Kazi yake ni kuuzuia ukingo usichimbe, fimbo inaingia mchangani, tumbo linaisukuma juu, inateleza chini ya mpira na mchanga ndo unaubeba mpira kuutoa nje. Pitching weji tumbo lake jembamba na baunsi yake ndogo, imeundwa kwa majani, kwa hivyo ukiipeleka banka inakwenda chini kama jembe. Nakwambia hivi usije ukadhani mikono yako ni mibovu, shida kubwa ni kifaa. Hata mabingwa zamani waliteseka hivyohivyo mpaka Gene Sarazen wa Marekani alipoongeza risasi ya kulehemu chini ya fimbo yake, akaenda nayo mashindano ya British Open 1932 na akashinda.

Sasa baunsi ngapi? Yategemea unapocheza, na wewe wacheza Malindi. Wakati wa kaskazi, Januari mpaka Machi, ardhi imekauka ngumu, ukiwa na baunsi ya 14 nje ya banka inadunda chini na ukingo unaupiga mpira tumboni, chipi (pigo fupi karibu na grini) ya hatua kumi inakuwa ya hatua arubaini. Halafu masika yakiingia Aprili na Mei mchanga unalowa unashikana, hapo pia baunsi kubwa inadunda. Lakini ukipata banka yenye mchanga mkavu mwingi uliolegea, baunsi ya 4 inazama. Mwenye weji tatu anabadilisha, wewe una moja, kwa hivyo tafuta 56 yenye 8 au 10, hiyo itakutoa banka na itakuchipia pia. Mchanga ukiwa mgumu usiufungue uso wa weji sana, yaani usiulaze ukatazama juu, ukiwa laini ufungue, maana ukifungua unaongeza lofti na baunsi vyote pamoja. Na ufungue kwanza NDO ushike gripu, ukishika kwanza halafu ukapinda viganja itajifunga yenyewe ukipiga.

Hiyo 60 si mbaya, ila yataka swingi kubwa kwa umbali mdogo, mpira unakwenda juu hauendi mbele, na kwenye majani mafupi juu ya ardhi ngumu ukikosea kidogo tu umeharibu. Iache kwanza, utainunua baadaye.

Kingine, jua lofti ya pitching weji yako. Seti za zamani ni kama 47 au 48, za siku hizi zinashuka mpaka 44 au hata chini yake, na ikiwa ni hizo basi kati yake na 56 pana pengo kubwa, siku ukipata pesa tafuta 50 ulizibe. Nafasi unayo, sheria yaruhusu fimbo 14.

Kabla ya kulipa mwombe mwenyewe mwende nayo ufukweni maji yakipwa, mahali hapana watu. Chora mstari mchangani, uwe katikati ya miguu, piga mstari bila mpira. Fanya kule juu kwenye mchanga mkavu, kisha shuka kwenye ule mgumu uliolowa. Alama ikiwa ndefu na ya juujuu weji yakufaa, ikiwa shimo fupi lenye kina yachimba hiyo. Pitisha ukucha kwenye mifereji ya uso pia, usipokwama imeisha. Na ukitoka hapo ioshe kwa maji baridi uifute ikauke, chumvi ya huku haina huruma na chuma.

SWALI: Mpira wangu ulikuwa banka chini ya mivinje, majani yake yamejaa, mwenzangu akaniambia nikiyagusa nimekula penati. Kweli? – Dada wa Watamu

JIBU: Ilikuwa kweli zamani dada yangu, tangu 2019 waruhusiwa kuyaondoa, na vijiwe pia, ila mpira ukisogea kwa sababu yako ni pigo 1 na unaurudisha. Usichoruhusiwa ni kuugusa mchanga kwa fimbo mbele au nyuma ya mpira, au ukipiga swingi ya mazoezi, au fimbo ikirudi nyuma kabla ya kupiga. Hiyo ni mapigo 2.