Maswali ya Wasomaji: Viwanja vya Gofu vya Bustani

Swali: Kwa nini gofu ilikulia pwani, na viwanja vyenye miti mikubwa na nyasi za kijani vikaja baadaye?

Nyasi ndizo zilizoamua. Pwani ya Uskoti udongo ni wa kichanga, maji hayatuami, na kondoo na sungura walikuwa wakipunguza nyasi bila malipo. Bara kwenye udongo wa mfinyanzi, majira ya joto mpira ulipotelea nyasini; ya baridi, ulizama matopeni. Mambo yalianza kubadilika baada ya Edwin Budding kupata hataza ya mashine ya kukatia nyasi mwaka 1830, huko Uingereza. Gofu ilipopamba moto mwishoni mwa karne ile, bustani za majumba ya matajiri ziligeuzwa viwanja. Stoke Park, si mbali na London, ni mfano mzuri: Capability Brown, mbunifu wa bustani, alishiriki kuipanga bustani yake karne ya 18, na Harry Colt, mchoraji wa viwanja vya gofu, akachora uwanja mwaka 1908. Kumbe miti mingi tunayoisifu ilipandwa kupendezesha macho, wala hakuna aliyefikiria gofu.

Swali: Mashimo 18 hupangwaje? Lazima jumla iwe mikwaju 72?

Si lazima, 70 na 71 ni halali kabisa. Hiyo ni idadi ya mikwaju ambayo mchezaji hodari hutarajiwa kutumia, na shimo hapa ni njia nzima kutoka pa kuanzia hadi kwenye tundu. Ile 72 kwa kawaida hutokana na mashimo manne ya mikwaju mitatu, kumi ya minne na manne ya mitano. Idadi ya 18 ilianzia St Andrews, Uskoti, mwaka 1764, mashimo mafupi yalipounganishwa na mzunguko wa 22 ukapungua.

Viwanja vya kale vya pwani huenda tisa na kurudi tisa. Vya bustani hupendelea mizunguko miwili ya tisa, kila mmoja ukianzia na kuishia karibu na jengo la klabu. Mchoraji makini hutafuta kwanza mahali pa grini (eneo la nyasi fupi sana lenye tundu), penye mwinuko kidogo na panapopitisha maji, halafu ndipo aziunganishe. Shimo la kwanza asilielekeze mashariki wala la mwisho magharibi, jua lisije likawachoma wachezaji machoni. Njia ya shimo ikipinda, kona huwekwa takriban mita 220 hadi 250 kutoka pa kuanzia. Ikiwa karibu zaidi, wapigaji wa mbali watavuka na kuishia mitini.

Hata kivuli hupangua mpangilio. Klabu ya Augusta National, Marekani, ilibadilishana mashimo tisa ya kwanza na tisa ya mwisho baada ya mashindano ya 1934, kwa kuwa sakitu (umande ulioganda) ilichelewa kuyeyuka kwenye bonde lenye kivuli, ambako wachezaji walikuwa wakipita mapema asubuhi.

Swali: Grini yetu imezungukwa na miti. Nyasi zinapukutika na udongo una utelezi wa kijani. Tuongeze mbolea?

Hapana. Mbolea kivulini huzaa nyasi laini zinazougua haraka. Pigeni picha ya grini saa mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi jioni, muone mti upi unaiba jua. Anzeni na wa upande wa mashariki, maana jua la asubuhi ndilo linalokausha umande. Miti inayobaki, chimbeni mtaro wa sentimita 60 au zaidi kati yake na grini, mkate mizizi, kisha msimamishe karatasi nzito ya plastiki kabla ya kufukia.

Halafu chunguzeni maji. Grini ya kisasa huwa na milimita 300 za mchanga juu ya milimita 100 za kokoto, na chini yake mabomba yenye matundu, yasiyoachana zaidi ya mita 5. Kosa la kawaida ni kutandaza udongo mzito juu ya mchanga: tabaka hilo hushikilia maji na mizizi hubaki juujuu.

Wanachama watalalamikia miti, bila shaka. Wakumbusheni klabu ya Oakmont, Pennsylvania, Marekani: tangu miaka ya 1990 imekata miti kwa maelfu, na bado huandaa US Open, mashindano makubwa ya gofu ya Marekani.

Swali: Shimo lenyewe, yaani tundu la kuingizia mpira, lina ukubwa gani?

Kipenyo milimita 108, kina kisipungue milimita 101.6. Kikombe cha ndani kizamishwe angalau milimita 25 chini ya uso wa grini. Kikikaa juu, mpira hugonga ukingo wake na kuruka nje. Shimo lihamishwe kabla nyasi za pembeni hazijachakaa kwa kukanyagwa.